Mji ambao ardhi yake ilimeza magari ya ndoto

UKITOKA Nashville, jimbo la Tennessee, na kushika barabara kuu nambari 65 kuelekea kaskazini, unavuka mpaka na kuingia Kentucky hata kabla hujachoka kuketi. Huku na huku ni malisho ya kijani, mabanda makuukuu ya kukaushia tumbaku, na farasi waliosimama kivulini wakipunga mikia. Baada ya mwendo wa saa moja na kidogo, linachomoza mbele yako jengo la ajabu. Ni pia kubwa ya rangi ya manjano, na kando yake mnara mwekundu uliochongoka kama mkuki. Mgeni asiyejua atadhani ni hema la sarakasi, au pengine kanisa la dhehebu jipya lenye fedha nyingi.

Sivyo. Hilo ni jumba la makumbusho la gari. Sikusema la magari, msomaji. La gari, aina moja tu: Corvette. Barabara inayolifikia inaitwa Corvette Drive, na ng'ambo kidogo tu kuna kiwanda ambamo kila Corvette mpya duniani imeundwa tangu mwaka 1981. Mji wenyewe unaitwa Bowling Green, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi wapatao 72,000.

Kwa sisi tuliolelewa na hadithi za Peugeot 504 na Datsun katika mashindano ya Safari, gari zuri ni lile linalovuka matope ya Aprili na kutokea upande wa pili likiwa bado na magurudumu manne. Corvette si gari la namna hiyo. Lina viti viwili tu, tumbo lake linakaribia kugusa lami, na mwenye watoto watatu itambidi awaache wawili nyumbani. Hata hivyo, Wamarekani wamelipenda kwa zaidi ya miaka 70, na wengi wao hawatakuwa nalo maishani. Ndiyo maana lilipopatwa na yaliyolipata alfajiri moja ya mwezi wa Februari, habari zake zilienea ulimwengu mzima.

ALFAJIRI YA FEBRUARI 12

Ilikuwa Jumatano, Februari 12, 2014, saa kumi na moja na dakika 38 alfajiri. Jumba lilikuwa limefungwa na halikuwa na mtu. Ghafla vitambuzi vya mwendo, vile ambavyo huwekwa ili kuwanasa wezi, vikapiga kengele. Ndani ya ule ukumbi wa manjano, uitwao Skydome, kitu kilikuwa kinatembea.

Kilichotembea kilikuwa sakafu.

Kamera za ulinzi zilinasa kila kitu, na mamilioni ya watu wameitazama filamu hiyo tangu siku ile. Kwanza unaona magari yametulia chini ya taa, yanang'aa kama vyombo vya arusi. Kisha sehemu ya sakafu inajikunja, gari moja linainamisha pua na kutoweka, halafu la pili, halafu la tatu. Vumbi linapanda. Yalipohesabiwa, Corvette 8 zilikuwa zimetumbukia katika shimo lenye upana wa kama mita 12 na kina cha kama mita 9, zimelaliana pamoja na vipande vya zege na udongo mwekundu.

Yafaa tushukuru kwamba ilikuwa alfajiri. Mchana wa siku ya kawaida ukumbi huo hujaa wazee wenye kofia za klabu zao, akina mama na watoto wa shule.

Sababu ya mkasa huo haikuwa ujenzi mbaya wala tetemeko la ardhi. Sehemu hiyo ya Kentucky imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mvua inaponyesha, maji yake huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, yakawa makali kidogo tu, mfano wa maji ya ndimu yaliyozimuliwa mno. Maji hayo hupenya katika nyufa za jiwe na kulila kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, mpaka panakuwa na pango. Dari ya pango inapokuwa nyembamba, huanguka. Kiasi cha kilomita 50 hivi kutoka mjini humo liko Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Wachunguzi wamekwisha kupima zaidi ya kilomita 680 za njia zake na hawajafika mwisho. Kwa hiyo jumba hilo lililofunguliwa Septemba 1994, kwa miaka karibu 20 lilikuwa limekaa juu ya uwazi ambao wageni wake hawakuuona.

Miongoni mwa magari yaliyozama lilikuwamo moja jeusi la mwaka 1962, ambalo mwenyewe alikaa nalo miongo kadhaa kabla ya kulitoa zawadi kwa jumba. Lilikuwamo jekundu la mwaka 1993, la kusherehekea miaka 40 ya Corvette. Yalikuwamo mawili ya kampuni ya General Motors yaliyoazimwa tu. Na lilikuwamo jeupe lenye viti vyekundu, lililotoka kiwandani mwaka 1992. Hilo lilikuwa Corvette ya milioni moja.

Nitalirudia hilo jeupe. Lakini kwanza yafaa tujue lilikotoka, maana pasipo historia hiyo mtu anaweza kushangaa watu wazima wanavyolilia bati. Na hata hilo si neno sahihi. Corvette si bati.

GARI LA FAIBA

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, askari wa Marekani waliokuwa Ulaya walirudi kwao na mapenzi mapya. Walikuwa wameona magari madogo ya Waingereza kama MG na Jaguar, yenye viti viwili na paa la kukunja, yakipinda kona kama sungura. Nyumbani waliyakuta magari marefu mazito, mazuri kwa kupeleka familia kanisani, lakini yasiyo na raha kwa kijana.

Mkuu wa wabunifu wa General Motors, Harley Earl, aliamua Marekani iwe na lake. Januari 17, 1953, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, watu walipanga foleni kuliona gari dogo jeupe lililopewa jina la manowari ndogo yenye kasi. Miezi sita haikupita kabla ya kiwanda cha Flint, Michigan, kuanza kuliunda kwa mkono. Mwaka huo yalitoka 300 tu, yote meupe, yote yenye viti vyekundu.

Bodi yake haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya faiba, yaani nyuzi laini za kioo zilizolowekwa katika gundi na kuachwa zikauke juu ya kalibu. Njia hiyo iliwaepusha na gharama ya mashine nzito za kufinyanga chuma. Faiba haishiki kutu, wala haizuii mawimbi ya redio, na mafundi walitumia ujanja huo kuuficha waya wa redio ndani ya kifuniko cha buti, usionekane kabisa. Lakini faiba pia haipitishi umeme. Fundi yeyote wa Grogan au Kariobangi anajua kwamba katika gari la kawaida bodi yenyewe ndiyo waya wa kurudishia umeme kwenye betri. Hapa ilibidi kila taa iwekewe waya wake wa pili.

Uzuri ulikuwepo. Mwendo ndio uliokuwa haba. Chini ya boneti mlikuwa na injini ya silinda 6 ya lita 3.9, yenye nguvu ya farasi 150, iliyofungwa na giaboksi ya kujibadilisha yenye gia mbili tu. Ilihitaji kama sekunde 11 kutoka kusimama hadi kufikia kilomita 96 kwa saa, ambazo ni maili 60, kipimo wanachokitumia Wamarekani wanapopimana vifua. Milango haikuwa na vishikio kwa nje. Madirisha hayakuwa na vioo vya kupandisha, ila mapazia ya plastiki ya kuchomeka mvua ikija. Kwa bei ya dola 3,498, mtu angeweza kupata Jaguar.

Mwaka 1954 yaliundwa 3,640, na mwaka ulipokwisha zaidi ya 1,000 yalikuwa bado hayana wanunuzi. Mwaka 1955 yaliundwa 700 pekee, huku Thunderbird ya washindani wao Ford ikiuzwa zaidi ya 16,000. Kwa hesabu za duka lolote, hapo ndipo mambo yangekwisha.

MHAMIAJI ALIYELIOKOA

Katika ile foleni ya Waldorf-Astoria alikuwamo mtu mmoja aitwaye Zora Arkus-Duntov. Alizaliwa Brussels mwaka 1909, wazazi wake wakiwa Warusi, akasomea uhandisi Berlin, akaikimbia Ufaransa mwaka 1940 majeshi ya Hitler yalipoingia. Alipoliona gari lile aliona ni zuri sana kwa nje, na akatamani kuona linaendeshwa na mtambo unaolingana na sura yake. Akawaandikia General Motors kuomba kazi, na mwaka huo huo wa 1953 akaipata.

Kabla mwaka haujaisha alikuwa amewaandikia wakubwa wake waraka kuhusu vijana wanaopenda mwendo. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana wa Marekani alikuwa anafungua injini za Ford kwa sababu vipuri vyake vya kuongeza kasi vilipatikana kila mahali, na kwamba atakayewashika vijana hao wakiwa maskini atakuwa nao watakapokuwa na fedha. Sijui wauzaji wangapi wa leo wanaojua hesabu hiyo.

Mwaka 1955 Corvette ikapata injini ya silinda 8 zilizopangwa mfano wa herufi V, lita 4.3, farasi 195. Mwaka 1957 ikapata ya lita 4.6 yenye mtambo wa kunyunyiza petroli badala ya kabureta, na nguvu zikafika 283. Mwaka 1960 magari matatu ya tajiri Briggs Cunningham yalikwenda Ufaransa kwa mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Moja likaishiwa na maji ya kupoza injini, na kanuni hazikuruhusu kuongeza. Basi kila liliposimama, mafundi walifungua boneti na kuishindilia injini barafu kwa mikono, kisha wakalirudisha barabarani likitoa mvuke kama buli. Lilimaliza la nane kati ya magari yote, na la kwanza katika kundi lake.

Halafu ikaja ya mwaka 1963, Sting Ray. Nikiulizwa nichague moja katika jumba zima, nitachagua hiyo. Taa zake za mbele hazionekani mpaka zinapohitajika, hapo hujigeuza na kutokeza. Mgongo wake una mshipa mmoja unaoanzia paani na kushuka hadi kwenye buti, ukikigawa kioo cha nyuma nusu kwa nusu. Mbunifu mkuu, Bill Mitchell, aliupenda mshipa huo kupita kiasi. Duntov hakuupenda hata kidogo, kwa kuwa dereva akitazama nyuma anaona nguzo. Walivutana, Mitchell akashinda, lakini kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1964 kioo kikawa kimoja. Wapo wenye magari ya 1963 waliokimbilia gereji kuukata mshipa na kutia kioo kipya ili wasionekane wamepitwa na wakati. Leo mshipa ule ndio unaotafutwa na matajiri, na waliokata wamebaki kujikuna kichwa.

Chini ya ngozi hiyo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yametenganishwa, kila moja likipanda na kushuka kwa wakati wake, badala ya kufungwa kwenye ekseli moja kama ya lori. Barabara ikiwa na bonde upande mmoja, upande wa pili haukusumbuka. Injini kali kuliko zote za mwaka huo ilikuwa ya lita 5.4 na farasi 360, na zile sekunde 11 za mwaka 1953 zilikuwa zimeshuka zikafika 6 hivi. Mwaka 1965 breki za diski zikawekwa magurudumu yote manne, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipokuwa gari kamili. Kukimbia bila kusimama si sifa.

Walioagiza ile iliyoitwa L88 mwaka 1967 walikuwa 20 tu. Kampuni iliandika kwenye karatasi kwamba ina farasi 430, ingawa zilizidi 500. Haikuuzwa na redio wala kipasha-joto, kusudi wasioitaka kwa mashindano wakate tamaa.

Siku hizo Corvette ilionekana kila wiki kwenye televisheni katika mchezo wa Route 66, na wanaanga wa Marekani waliokuwa wakijifunza kwenda mwezini waliendesha Corvette walizokodishiwa kwa dola moja kwa mwaka. Wale watatu wa Apollo 12 walikuwa na tatu zinazofanana, za rangi ya dhahabu na nyeusi.

Miaka ya sabini sitakaa nayo sana. Sheria za moshi zilikaza, bima ikapanda, mafuta yakaadimika mwaka 1973, na mwaka 1975 injini ya kawaida ya Corvette ilikuwa na farasi 165, karibu sawa na babu yake wa 1953. La kuchekesha ni kwamba mauzo yalipanda. Mwaka 1979, likiwa gari lenye sura ya papa na roho ya ng'ombe, liliuzwa zaidi ya 53,000, na kuvunja rekodi.

KIWANDA CHAHAMA

Kwa miaka 27 Corvette iliundwa St. Louis, Missouri. Kisha General Motors ikanunua jengo lililokuwa likitengeneza mitambo ya kupoza hewa huko Bowling Green, na Juni 1, 1981, gari la kwanza likatoka. Kwa miezi miwili miji yote miwili iliunda gari moja, mmoja ukifungua na mwingine ukifunga. Mamia ya wafanyakazi wa St. Louis walipakia vyombo vyao na kuhamia Kentucky. Wengine walibaki.

Mji uliopewa unajua kwamba waweza kunyang'anywa. Nadhani ndiyo sababu watu wa Bowling Green wanalishika gari hili kwa mikono miwili, wakalijengea na jumba.

Mwaka 1983 hapakuwa na Corvette ya kuuzwa. Ile mpya haikuwa tayari, na magari 43 ya majaribio yaliyoundwa hayakuruhusiwa kumfikia mnunuzi. Yaliharibiwa yote isipokuwa moja, jeupe. Hilo nalo lilikuwa ndani ya Skydome alfajiri ile ya Februari. Halikuanguka. Waokoaji walilitoa likiwa zima.

Duntov hakuiona alfajiri hiyo. Alifariki Aprili 1996, na majivu yake yamehifadhiwa katika jumba hilo hilo.

KUTENGENEZA AU KUACHA

Kuyatoa yale manane kulichukua wiki kadhaa, maana kreni haiwezi kusimama tu mahali ambapo sakafu imekwisha kuonyesha tabia yake. Machi 3, 2014, lilitolewa la kwanza, la buluu la mwaka 2009 liitwalo Blue Devil. Lilipotua chini, mtu akazungusha ufunguo. Likawaka, na likatembea lenyewe kutoka ukumbini. La mwisho lilipatikana Aprili 9, likiwa limezikwa chini kabisa hata kwa muda hawakujua liko wapi, na lilipotoka lilikuwa limebonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa na basi.

Hapo likazuka swali, na ndilo hasa lililonivuta kuandika makala haya. General Motors ilikuwa imeahidi kuyatengeneza. Lakini gari ambalo chesisi imepinda, bodi imesagika na injini imepasuka, ukilibadilishia vyote hivyo, je, ni lile lile? Au umeunda jipya na kulibandika jina la marehemu? Isitoshe, watu walikuwa wanamiminika kuja kuliangalia shimo. Idadi ya wageni ilipanda mwaka huo hata wakuu wa jumba wakafikiria kuliacha sehemu ya shimo wazi liwe maonyesho ya kudumu. Waliposikia gharama ya kuta na mitambo ya kulizuia lisiendelee kumomonyoka, wakabadili mawazo na kuamua kulijaza.

Kuhusu magari waliamua hivi: matatu yatengenezwe, matano yaachwe yalivyo. Kazi ya Blue Devil haikuwa kubwa. Lile jeusi la 1962 lilishughulikiwa katika karakana ya jumba lenyewe na kukamilika mwaka 2018. La tatu ni lile jeupe, la milioni moja, lililopelekwa Michigan katika kituo cha ufundi cha General Motors mjini Warren.

Mafundi wapatao 30 walilifungua, na ndani yake wakakuta majina. Mwaka 1992, lilipokuwa likipita kwenye mstari wa kazi, wafanyakazi wa Bowling Green walikuwa wametia saini zao kwenye vipande walivyofunga, mahali ambapo hakuna mnunuzi angeona: chini ya mazulia, nyuma ya paneli, kwenye vyuma vya ndani. Hao si Harley Earl wala Duntov. Ni watu wa spana na bunduki ya rangi, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kustaafu, na baadhi kufariki.

Tangu hapo kazi ikageuka. Badala ya kutupa kilichoharibika na kufunga kipya, walijitahidi kukiokoa kila kipande chenye saini. Ambavyo havikuokolewa kabisa, saini zake zilipigwa picha kwa mashine na kuhamishiwa kwenye kipande kipya. Septemba 3, 2015, gari lilirudi jumbani likiwa jeupe pe, na majina yakiwa yamerudi gizani yalikokuwa.

Wapo waliolalamika kwamba yale matano yaliyobaki yanatia huzuni. Mimi naona waliamua vyema. Ukumbi ulipofunguliwa tena mwaka 2015, magari hayo yaliwekwa karibu na yalipokuwa yamesimama siku ile, na sakafuni pakachorwa mistari kuonyesha mdomo wa shimo ulipofika. Hakuna maelezo ya ukutani yanayomfanya mtoto anyamaze kama anavyonyamaza mbele ya gari la mwaka 2001 lililobaki robo ya kimo chake.

NDOTO YA DUNTOV

Jambo moja Duntov alilipigania hadi alipostaafu mwaka 1975 na hakulipata. Alitaka injini itoke mbele na kuwekwa nyuma ya dereva, kati ya viti na ekseli ya nyuma, kama katika magari ya mashindano, ili uzito uyabane magurudumu yanayosukuma. Aliunda magari ya majaribio kadhaa. Kila mara wakubwa walisema gharama ni kubwa, tena gari linauzika lilivyo.

Julai 2019, miaka 23 baada ya kifo chake, Corvette ya namna hiyo ilizinduliwa. Injini ya lita 6.2 imekaa nyuma ya mabega ya dereva, inaonekana kupitia kioo kama samaki ndani ya tangi, na ina nguvu ya farasi 490, au 495 ukiongeza ekzosi maalumu. Ikifungwa vifaa vya mwendo inafika zile kilomita 96 kwa saa kwa sekunde 2.9. Bei ya kuanzia ilikuwa chini ya dola 60,000, fedha nyingi, lakini ni sehemu tu ya bei ya magari ya Kitaliano inayoyakimbiza. Ndugu yake mkali, ZR1 ya mwaka 2025, ana farasi 1,064 na amepimwa akienda kilomita 375 kwa saa.

Tena ndiyo Corvette ya kwanza kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa upande wa kulia, kwa ajili ya Uingereza, Japani na Australia, nchi zinazokwenda kushoto kama sisi. Sisemi ilete kwenye matuta ya mitaa yetu. Mkono wa General Motors uliotufikia hapa ulikuwa wa aina nyingine: kiwanda cha Nairobi kilichounda malori na mabasi ya Isuzu, mpaka kampuni hiyo ilipouza hisa zake kwa Isuzu mwaka 2017. Wengi wetu tumepanda kazi zake kwenda shuleni, tukisimama.

Gari hilo jipya halikupewa nafasi ya kupumua. Mwezi Septemba 2019 wafanyakazi waligoma siku 40. Uundaji ulianza Februari 2020, na Machi ugonjwa wa Korona ukafunga kiwanda. Usiku wa kuamkia Desemba 11, 2021, kimbunga kikapita mjini, kikachana paa la kiwanda na kuharibu magari yaliyokuwa ndani. Lakini siku hiyo hakuna aliyehesabu magari kwanza. Zaidi ya watu 10 walikufa katika mitaa ya Bowling Green, wakiwemo watoto, na familia nyingi zilizopoteza nyumba zilikuwa za wahamiaji.

Ndiyo, wahamiaji. Mji huu umekuwa ukipokea wakimbizi kwa miongo mingi. Wabosnia walikuja katika miaka ya tisini vita vya kwao vilipopamba moto. Baadaye wakaja Waburma, na Wakongo wengi waliokaa miaka kambini Afrika Mashariki. Kwa hiyo usistaajabu ukiwa dukani Bowling Green, unachagua vitunguu, ukasikia nyuma yako mama akimkanya mwanawe kwa Kiswahili cha Kivu. Ukimwitikia, hutatoka dukani mapema. Atataka kujua umetoka wapi, nani unamjua, na kama kweli mchele wa huku nao umepanda bei.

Mwenye nafasi ya kufika huko asiondoke bila kwenda Lost River, pango lililo ndani ya mji wenyewe, si mbali na nyumba za watu. Unashuka ngazi, unapanda mtumbwi bapa pamoja na wageni wengine, na mto unakuchukua chini ya ardhi. Mlangoni dari ya jiwe la chokaa iko chini sana hata inabidi kila mtu ainamishe kichwa mpaka magotini. Kisha inapanda, mnaketi wima, na mnasikia matone yakianguka majini, moja baada ya jingine, yakiendelea na kazi yao.